Beseni la Mama Zaina

Jambo zima, nimelihesabu mara mbili, liligharimu beseni moja la bati lenye maua mekundu, miche miwili ya sabuni, safari kumi na saba za basi, picha moja ya tumbo iliyopigwa Tanga mjini, jogoo mmoja, na vijiko vitatu vya sukari katika kila kikombe cha chai nilichokunywa tangu siku ile mpaka leo. Jogoo nilimla mimi. Sukari niliilipa mimi. Beseni bado lipo, na ndilo linalonifanya niandike.

Nimestaafu juzi tu. Siku ya kuniaga nilipewa godoro na hotuba tatu. Godoro nimelitumia. Wauguzi vijana niliowaacha kazini wakasema, Sista Hilda, tuandikie uliyoyaona. Haya, naandika. Vyeo nitaviruka kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara nitauruka kwa sababu wenyewe mnaupokea.

Mimi ni mtoto wa Lutindi, juu kule kwenye ukungu. Nikiwa mdogo nilishuka na mama yangu gulioni kuuza plamu na mapeasi, na nilijua mizani inayodanganya kabla sijajua kusoma. Kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati moja upande wa Sindeni, wilaya ya Handeni, jua kali na vumbi jekundu. Nilifika na sanduku la mbao na sweta mbili. Sweta sikuzivaa miaka sita.

Aliyenipokea alikuwa mganga msaidizi, Mzee Kaniki, mtu mrefu aliyefunga miwani yake kwa uzi. Hakunikaribisha chai. Alinipa mfuko wa mchanga.

"Upime."

Mzani ulikuwa ule wa kuning'iniza, umefungwa kwenye boriti ya baraza. Nikaupima mfuko. "Kilo tano na robo, mzee."

"Mfuko huo nimeujaza mwenyewe. Kilo tano kamili. Robo ni ya nani?"

"Ya mzani."

"Basi kila asubuhi, kabla hujampima mtoto wa mtu, pima mzani. Halafu mtoto umpime mara mbili. Ukipata namba mbili tofauti, usichague inayokupendeza. Pima ya tatu."

Nilimwambia kwamba mzani wa gulioni hudanganya kwa faida, huu wake unadanganya bure. Akacheka, na ndiyo siku nilipopata chai.

Kadi ya kliniki wakati ule ilikuwa na rangi tatu, kijani, kijivu na nyekundu. Nyekundu ilikuwa na watu wengi. Miaka ya ukame Handeni, mahindi yakikauka shambani, tulikuwa na watoto wa nyekundu mpaka tunaishiwa maziwa ya unga. Kazi yetu ilikuwa kumsukuma mtoto apande, atoke nyekundu, avuke kijivu, aingie kijani. Juu ya kijani palikuwa peupe. Hakuna aliyetufundisha pale peupe maana yake ni nini. Tulidhani ni mbinguni.

Ndiyo sababu mwaka tuliofanya mashindano ya watoto, sikupata shida kumchagua mshindi. Tuliwaita kina mama wote wa jirani, wakulima wa Kizigua na wafugaji wa kule mbugani. Mimi ndiye niliyepima, mimi ndiye niliyeamua. Zaina binti Athumani, miezi kumi na moja, kilo kumi na tatu kasoro robo. Nilimpima mara mbili. Mikono ilikuwa na mikunjo kama amevaa bangili, na mistari ya kadi yote alikuwa ameiruka, yuko pale peupe peke yake.

Wa mwisho alikuwa Nasieku, mtoto wa mama mmoja wa Kimaasai, mwembamba kama fimbo ya baba yake, ila tayari anatembea. Mama yake aliangalia matokeo, akamwangalia Zaina aliyekaa kama gunia kwenye mkeka, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukata:

"Sista, wewe napima ng'ombe ya kuchinja."

"Unasemaje, mama?"

"Ile ya kuuza, sisi naangalia uzito. Ile ya kukaa nayo, naangalia namna gani natembea."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikamkabidhi Mama Zaina beseni na miche miwili ya sabuni. Chini ya beseni nilikuwa nimeandika kwa rangi ya kucha, nyekundu: MSHINDI WA KWANZA. Baba Zaina, Athumani, mkulima wa mahindi mwenye maneno mengi, alimbeba bintiye akamzungusha uwanja mzima. Mama Zaina alilia. Alikuwa ameshazika watoto wawili kabla ya huyu. Hilo nilikuwa nalijua, na naomba mlikumbuke mkifika mwisho.

Miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huria, ilipochanganya, mambo yalibadilika haraka kuliko sisi. Kabla ya hapo soda ilikuwa kitu cha harusi, na hata harusini uje na chupa yako tupu. Sasa malori yaliteremsha kreti kwa kreti. Athumani aliuza mahindi ya misimu miwili akafungua duka, akanunua friji la mafuta ya taa, la kwanza upande ule. Watu walikwenda kuligusa tu. Biskuti, pipi, mafuta ya kula ya kupima, maandazi ya asubuhi na chipsi za jioni: mtoto wa Athumani hakulala njaa hata siku moja, na baba yake alitaka kila mtu ajue.

Mimi nilihamishiwa kituo cha afya upande wa Korogwe. Huko nako ruksa ilikuwa imefika kwa sura nyingine: mgonjwa anachangia gharama. Nikajifunza kazi mpya ambayo haikuwa katika mafunzo, ya kumweleza mtu aliyelipa kwa nini anarudi nyumbani bila sindano.

Zaina alikuwa na miaka kumi mama yake alipomleta. Nilimtambua mama kwanza.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, Mama Zaina. Na huyu ndiye mshindi wangu?"

Hakucheka. Alimgeuza mtoto akaninyanyulia ukosi wa shati la shule. "Tazama mwenyewe. Mtoto huyu hatakati."

Shingo ya nyuma ilikuwa nyeusi, nzito, kama kitambaa cha mahameli. Pembeni palikuwa na michubuko mibichi. Mama alikuwa anamsugua kwa jiwe la kusugulia miguu, asubuhi na jioni.

"Shuleni wananiita shingo ya sufuria," Zaina alisema, akiangalia sakafu.

Tumbo lilimsumbua upande wa kulia, na alichoka hata kwa kufagia darasa. Nilimpima: kilo hamsini na mbili. Mara ya pili: hamsini na mbili. Nikamlaza. Ini, vijana, halitafutwi kwa kuchimba. Pasha mkono moto, anzia chini karibu na kitovu, panda taratibu, mwambie mtoto avute pumzi, ini lenyewe litakuja kukusalimia. La Zaina lilinisalimia vidole viwili chini ya mbavu, laini, bila maumivu makali. Nikamchekesha, tumbo likalegea, nikapima tena. Vidole viwili.

Ini kubwa kwa mtoto wa kwetu lilikuwa na majibu yaliyozoeleka, nasi tukayapitia yote. Malaria, hakuna. Kichocho, hakuna, ingawa dawa yake nilishampa kabla majibu hayajatoka, na kwa kosa hilo alitapika njia nzima ya kurudi Sindeni. Homa ya ini ya virusi, hakuna. Sukari ya damu ilikuwa juu kidogo, si ya kuitwa kisukari, wala si ya kunifanya nilale vizuri. Daktari wetu akaandika barua waende Tanga mjini wakapige picha ya tumbo kwa ile mashine inayoona kwa mawimbi ya sauti. Siku ya safari nilikuwa na mapumziko. Nikafuatana nao, na Athumani naye akafunga duka akaja.

Daktari wa watoto alikuwa kijana, hodari, mwenye haraka. Alinionyesha kioo. "Sista, angalia figo, ni nyeusi. Ini lilitakiwa lifanane nayo. Limekuwa jeupe. Hayo ni mafuta, yamejaa ndani ya ini." Akanieleza kuhusu shingo pia. Haikuwa uchafu. Mwili ulikuwa unamwaga insulini nyingi, nao hauisikilizi, mithili ya mama anayepiga kelele nyumbani na watoto hawageuki. Kelele zikizidi, ngozi ya shingo inakuwa nyeusi na nzito, na sukari ya ziada ini linaigeuza mafuta na kuyaweka. Likiachwa hivyo miaka mingi, linaweza kuingia makovu.

Angeishia hapo tungekwenda nyumbani salama. Lakini akaongeza, kwa mshangao tu: "Ini kama hili ningeliona kwa mlevi wa miaka hamsini, nisingeshtuka."

Athumani alikuwa mlangoni. Katika maelezo yote yale, alichukua neno moja.

Sasa mjue kwamba Mama Zaina ni mtu wa Kerenge, na mama yake kule aliishi kwa kupika pombe ya miwa. Zaina alikuwa akienda kwa bibi kila likizo. Ndani ya basi la kurudi Athumani hakuinua sauti. Alisema tu, akitazama mbele:

"Mtoto hatakwenda Kerenge tena. Na kama imethibitika alinyweshwa kule, mama yake ndiye atakayekwenda. Na asirudi."

Nilimwambia Athumani kwamba daktari hakusema pombe. Akanijibu, "Sista, nina masikio." Kumbe mtu anaweza kuwa na masikio mawili na akayatumia moja. Nikawaomba jambo moja, kabla neno lolote halijafika kwa wazee, waje kituoni Alhamisi inayofuata, wote watatu.

Alhamisi walikuja. Mama Zaina alikuwa amejitwika kitu kilichofunikwa kanga. Alikishusha mezani kwangu, juu ya daftari la wagonjwa, akafunua. Beseni. Maua yalikuwa yamefifia, ila lilikuwa halina hata kovu. Akaligeuza.

"Sista, maandishi haya ni ya nani?"

"Yangu."

"Yasome."

"Mshindi wa kwanza."

"Mweleze baba yake. Mtu aliyepewa hili na serikali mchana kweupe, mbele ya watu, ndiye wa kumnywesha mwanawe pombe? Mimi sijui kulea?"

Athumani alisema, "Beseni halijibu kitu." Lakini alikaa chini.

Nilikuwa na hoja za kitabu. Niliziacha. Huyu ni mfanyabiashara, nikaona afadhali tuhesabu mali. Nikauliza, mtoto anakunywa soda ngapi kwa siku?

"Moja," mama alisema.

"Moja, siku nyingine mbili," baba alisema. "Duka ni lake, siwezi kumnyima."

Hiyo ni hesabu ya kwanza. Nikamgeukia Zaina nikamuuliza mambo ya shule, ili apumue. Somo gani unalipenda? Hesabu. Nikamwambia hata mimi, tulihesabu kwa vijiti. Akasema, "Sisi kwa vizibo. Mwalimu wa darasa la kwanza mimi ndiye ninayempelekea." Akafungua mkoba wa shule akatoa kopo la maziwa limejaa vizibo vya soda, akatabasamu mara ya kwanza tangu nimwone. Ilikuwa heshima yake kubwa pale shuleni, baada ya jina la sufuria.

"Hivi ni vya lini?"

"Tangu Jumatatu."

Athumani akaruka. "Hivyo ni vya wateja! Wanakunywa palepale dukani."

"Vya wateja vinapinda, baba," Zaina alisema, taratibu, kama anamfundisha mtoto wa darasa la kwanza. "Wanafungulia opena. Mwalimu hataki vilivyopinda, havitelezi mezani. Hivi nafungua mwenyewe kwa kijiko, kidogokidogo kuzunguka. Vya kwangu ndivyo vizima."

Nikavimwaga mezani. Kumi na tisa. Nikavihesabu tena, kumi na tisa, na hata kimoja hakikuwa kimepinda. Jumatatu mpaka Alhamisi asubuhi.

Nilikwenda stoo nikachukua sukari ya chai ya wafanyakazi, na kwa hilo wenzangu walininunia wiki nzima. Nikawaambia chupa moja ya soda ina kama vijiko vinane vya chai. Kizibo kimoja, vijiko vinane. Nikaanza kumimina ndani ya beseni. Kizibo cha kwanza Athumani alitazama dirishani. Cha tano alikuwa anatazama beseni. Cha kumi na mbili Mama Zaina alishika mdomo. Nilipomaliza cha kumi na tisa nilimuuliza Athumani, "Wewe unapima sukari kila siku. Hiyo ni kiasi gani?"

Muuza duka haulizwi mara mbili. Jicho lake lilipima kabla hajajizuia. "Nusu kilo," alisema, "na zaidi ya nusu robo juu yake." Mimi nilipokwenda kuipima baadaye ilikuwa hivyohivyo, ila nasikitika kusema mzani wetu ulikuwa umezidisha kidogo.

"Hiyo ni siku tatu na asubuhi moja," nikasema. "Na likizo mtoto yuko Kerenge, kwa bibi ambaye hana friji."

Kisha akasema, si kwangu wala si kwa mkewe, kwa lile beseni: "Soda ni zangu."

Hakuomba radhi kwa maneno. Wakati wa kuondoka alilibeba beseni yeye mwenyewe, mkononi, mpaka stendi, na mwanamume wa Sindeni kubeba beseni barabarani ni hotuba tosha.

Lakini kabla hawajaondoka palikuwa na dawa, nayo haikuwepo. Hakuna kidonge cha ini la namna ile. Athumani aliuliza hata sindano moja? Nikasema hata nusu. Iliyobaki ilikuwa ni kupatana bei, na kazi hiyo nilianza nikiwa na miaka saba. Ila mwenye mali hakuwa baba, alikuwa Zaina. Nikamwita karibu.

"Soda ngapi, mwanangu?"

"Tatu kwa siku."

"Moja kwa mwezi."

"Sista, hiyo si bei, hiyo ni matusi. Mbili kwa siku."

"Moja kwa wiki, na maji ya kunywa uchote mwenyewe kisimani."

"Moja kwa wiki na moja Idi."

"Idi zote mbili nakupa. Chipsi?"

"Chipsi aache baba kula mbele yangu."

Baba akakohoa. Tukapatana: soda moja, siku ya Ijumaa. Maandazi mawili yawe moja. Shule kwa miguu, si nyuma ya baiskeli ya baba. Mama aweke jiwe chini, shingo ipumzike. Nikanyoosha mkono tupeane. Zaina hakuupokea.

"Na wewe utatoa nini?"

"Mimi tena?"

"Nimekuona ukinywa chai pale dirishani. Vijiko vinne. Nimehesabu."

Aliyenifundisha kuhesabu mara mbili alikuwa Mzee Kaniki, aliyenihesabia mara moja akanipata alikuwa mtoto wa miaka kumi. Nikatoa vijiko vitatu. Siku za mwanzo chai ilikuwa kama maji ya kuoshea majani. Hata sasa siipendi, nainywa.

Walikuja kila mwezi, halafu kila miezi mitatu. Uzito haukushuka sana, na msiutake ushuke kwa mtoto anayekua. Ulisimama, yeye akarefuka. Baada ya mwaka ini lilikuwa kidole kimoja, na baadaye nililikuta pale kwenye ukingo wa mbavu linapostahili kuwa. Sukari ilirudi mahali pake. Shingo ilitulia, haikuisha yote. Picha ya pili hatukupiga kwa sababu ya gharama, kwa hiyo siwezi kuapa kuhusu mafuta, naapa kuhusu vidole vyangu tu. Siku niliyomwambia asije tena mpaka nimwite, Athumani alileta jogoo. Nilimwambia wafanyakazi haturuhusiwi kupokea zawadi. Akasema jogoo hajui sheria.

Sasa nifike kwenye linalonisumbua. Zaina ni mtu mzima, ana duka lake kulekule Sindeni, na ana mtoto wa kiume wa miezi minane. Mama Zaina ndiye anayemlea mchana. Beseni limetundikwa ukutani sebuleni Sindeni, maandishi yakitazama nje, na kila mgeni husomewa. Wiki iliyopita alinitumia salamu: nije Jumapili hii, nimpime mjukuu, na chini ya maandishi ya mama yake niandike ya mtoto. Anasema amevuka rangi zote.

Zaina naye alinipigia. "Shikamoo, sista. Mama anamkorogea uji wa sukari nikiwa dukani. Nikimwambia ananionyesha beseni."

"Basi nitamwambia kosa lilikuwa langu. Nilimpa zawadi kwa kitu ambacho hakikuwa cha zawadi."

"Sista, mama alizika wawili. Siku baba alipotaka kumrudisha Kerenge, kilichosimama naye ni lile beseni. Ukilishusha ukutani, na yeye umemshusha."

Si kwamba mtoto mnono wa kunyonya ni mgonjwa, na hilo msije mkalichukua vibaya mkaanza kuwatisha kina mama. Kosa langu lilikuwa kupigia makofi uzito peke yake. Mama mmoja wa Kimaasai alinieleza palepale uwanjani, nami nikacheka na wengine.

Nyinyi mliobaki kazini mmesoma kuliko mimi, na kadi zenu sasa zina mstari hata kule juu palipokuwa peupe. Niambieni basi. Nimwambie Mama Zaina, au niupatane ule uji kijiko kwa kijiko, kimyakimya, na beseni libaki ukutani? Na kama ni kuandika, niandike nini ambacho bibi atakisoma kwa furaha na mtoto hatakilipia? Nijibuni kabla ya Jumamosi. Rangi ya kucha nimeshanunua, na muuzaji hakunipunguzia hata shilingi.